Mhusika na Haki ya Kukataa

Lori litokalo bandarini Dar es Salaam, likishapanda Kitonga na kuiacha Iringa nyuma, hufika Makambako na kukuta njia panda. Barabara kuu huendelea hadi Mbeya na Tunduma, na kutoka huko hadi Zambia na Kongo. Ya kushoto hupanda kwenda Njombe, mwendo wa kilomita zipatazo 60, kisha ikaelekea Songea. Reli ya TAZARA nayo hupita papo hapo. Mji umejengeka juu ya swali la nani anakwenda wapi: maghala ya mahindi, mbao za misindano, nyumba za kulala wageni, mabanda ya chai na ya wali, na watu ambao riziki yao inategemea kwamba mgeni amesimama kwa usiku mmoja na kesho hatakuwapo. Msomaji wa pwani aliyezoea joto na azijengee picha baridi ya mwezi wa Julai, ukungu, na mvuke wa supu alfajiri mbele ya matairi makubwa yaliyolala.

Hapo ndipo panapofaa kuziwazia hadithi za namna mpya zinazosomwa siku hizi kwenye kompyuta na simu, zile ambazo msomaji haketi kando akasimuliwa, bali huingia ndani na kuchagua. Akibonyeza hapa, dereva analala ndani ya lori lake. Akibonyeza pale, anabisha hodi mahali. Kila ukurasa ni njia panda, na mwisho wa hadithi hutegemea njia zilizofuatwa. Nyingi kati yake zimetungwa kwa ajili ya watu wazima, na jambo lake kubwa ni mapenzi, pamoja na yale ambayo watu wazima huyafanya mlango ukishafungwa. Watunzi wake hujinadi kwamba wahusika wao wana undani na hubadilika. Dai hilo linastahili kutazamwa kwa makini, kwani ndani yake mna swali la kale la maadili lililovaa nguo mpya. Ni nini kubadilika kwa mhusika, ikiwa anayembadilisha ni mchezaji aliyeweka kidole juu ya kitufe? Njia panda haina nafsi. Haimnunii aliyeiacha wala haimshukuru aliyeifuata. Mwanamke aliyesimama penye njia panda, yeye anayo.

Kiswahili kina bahati moja katika jambo hili: neno lake ni moja. Bao ni mchezo, tamthilia ni mchezo wa kuigiza, hadithi ya redioni ni mchezo wa redio, na mtu aliyedanganywa katika mapenzi husema amechezewa. Maana zote hizo zimo katika hadithi hizi za simu, na ugomvi wote uko katika kujua ni ipi iliyotangulia mbele.

Katika michezo mingi ya namna hii, chini ya maneno matamu na picha nzuri imefichwa hesabu. Kila mhusika ana namba yake ya mapenzi. Apewe ua, namba inapanda. Ajibiwe ovyo, inashuka. Ikifika kiwango kilichowekwa, mlango unafunguka. Hiyo ndiyo inayoitwa kubadilika. Kwa kweli mtu huyo habadiliki hata kidogo. Anajaa, kama ndoo chini ya bomba, na mchezaji hana kazi ila kungoja ifurike. Mtu anaweza kusema kwamba bao nalo ni hesabu tupu, mashimo 32 na kete 64, na hakuna aliyewahi kuiuliza kete kama imeridhia kuhamishwa. Ni kweli, lakini bao halijapata kudai kwamba kete inampenda mchezaji. Uungwana wa bao uko hapo. Mchezo unaomfanya mtu kuwa kete, kisha ukaipaka kete uso wa mtu na kuitia maneno ya huba mdomoni, umeongeza uongo ambao bao halina.

Tanzania ilikwisha kuwa na mchezo wa watu wazima uliokusudia kumbadilisha mhusika mbele ya masikio ya nchi nzima, na mhusika wake mkuu alikuwa dereva wa lori. Mwezi wa Julai mwaka 1993 Radio Tanzania ilianza kutangaza Twende na Wakati, mchezo wa mfululizo uliorushwa mara mbili kwa wiki. Humo alikuwamo Mkwaju, dereva mwenye mke nyumbani na wanawake wengine njiani, na mkewe Tunu. Mchezo uliundwa kwa kanuni ya Miguel Sabido wa Mexico, inayowagawa wahusika katika mafungu matatu: wema, waovu, na wale wa katikati wanaovutwa huku na huku. Baina ya mwaka 1993 na 1995 kituo cha Dodoma hakikuurusha, ili watafiti walinganishe waliousikiliza na wasiousikiliza. Mkwaju aliambukizwa UKIMWI, akafa. Tunu alimwacha mumewe na kuanza biashara yake ndogo.

Kwa mizani ya utunzi, Mkwaju alizaliwa akiwa na cheti cha kifo mfukoni. Kanuni ilikwisha kumhukumu kabla hajafungua mdomo, na msikilizaji mwerevu aliujua mwisho wake tangu wiki za mwanzo. Tunu alikuwa na uhai zaidi, kwa kuwa mkao wake wa katikati ulimpa nafasi ya kusitasita, na kusitasita ndiko kunakomwonyesha mtu anavyofikiri. Hata hivyo, wote wawili walikuwa na kitu kimoja ambacho michezo ya vitufe haina, nacho ni muda. Mke hakuamka asubuhi moja akafungasha. Alivumilia wiki baada ya wiki, na msikilizaji akavumilia naye, akamkasirikia, akachoka naye. Alipoondoka, kuondoka kwake kulikuwa na uzito wa siku zote zile. Na msikilizaji hakuwa na kitufe cha kumwondoa mapema.

Haukuwa mchezo wa bure. Utafiti wa taifa wa mwaka 2011 na 2012 ulikuta Njombe, iliyokuwa ndiyo kwanza imemegwa kutoka Iringa, ikiwa na kiwango cha VVU cha asilimia 14.8 kwa watu wa umri wa miaka 15 hadi 49, ilhali wastani wa Tanzania Bara na Zanzibar pamoja ulikuwa asilimia 5.1. Utafiti wa mwaka 2022 na 2023, uliowahesabu wote wa miaka 15 na kuendelea, ulikuta 12.7 kwa Njombe na 4.4 kwa taifa. Ni rahisi kumtwisha dereva mzigo wote huo, na wengi wamefanya hivyo. Lakini nchi ya Wabena ina historia ndefu ya wanaume kwenda mbali kutafuta kazi, tangu enzi za manamba waliochukuliwa kwenda mashamba ya mkonge, na ya wanawake waliobaki na jembe na watoto. Kitanda cha Makambako kina babu na bibi zake. Mtunzi anayeuweka hapo mchezo wake wa mapenzi kwa kuwa ni mahali pa wapita njia, pasipo majirani wala kesho, amekosea ramani, kwani majirani wapo, na kesho hufika kwa yule aliyebaki.

Na atungwe mhusika mmoja ili jambo hili lipimwe. Aitwe Yusta. Ana miaka 34, ana banda la chakula karibu na maegesho ya malori Makambako, na kwao ni kijiji kimoja upande wa Njombe, ambako mama yake analima viazi na kumlelea watoto wawili. Mchezaji ni dereva apitaye hapo kila baada ya wiki kadhaa. Mtunzi wa kawaida angempa Yusta namba ya mapenzi na orodha ya zawadi azipendazo. Mtunzi mwenye haya kidogo angemwongezea siri: mume aliyefariki, mtoto asiyetajwa, akiamini kwamba siri ndiyo undani. Sivyo. Siri ni chumba kingine tu, na ufunguo wake amekwisha kupewa mchezaji. Kazi yake ni kuutafuta.

Undani wa Yusta huanza pale anapokuwa na mambo yasiyomhusu mchezaji. Banda lina kodi. Gunia la viazi lina bei, nayo hupanda na kushuka bila kumuuliza dereva. Mwezi wa Januari una sare, madaftari na michango ya shule. Kuna simu ya mama, kuna kikoba cha kila Jumapili alasiri, kuna mwanamume wa Mafinga aliyekopa laki mbili na hajaonekana tena. Dereva akifika, anafika katikati ya siku ambayo ilikwisha kuanza bila yeye. Hivyo maneno yale yale, yaliyosemwa kwa sauti ile ile, yatapokelewa kwa namna moja mwezi wa Juni na kwa namna nyingine mwezi wa Januari.

Hapo kwenye Januari ndipo penye uzito wote. Yusta anaweza kusema ndiyo kwa sababu anampenda mtu huyu. Anaweza kusema ndiyo kwa sababu ni upweke na baridi. Anaweza kusema ndiyo kwa sababu michango ya shule haijatimia. Kwa mchezaji zote ni ndiyo moja. Mlango umefunguka, ukurasa umegeuka, na huenda muziki ukapigwa. Lakini mchezo lazima ujue tofauti hata kama mchezaji haijui, na uitunze. Safari mbili zinapita, dereva anarudi akitarajia kupokewa kama mwenyeji, akidhani alipanda ngazi. Anamkuta Yusta mkavu. Kwa Yusta, usiku ule ni deni lililolipwa, na aliyelipa hana haja ya kumchekea mdai. Mchezaji asiyeelewa atasema mchezo una hitilafu. Atakayeelewa atarudi nyuma kwa mawazo na kuuona upya usiku aliodhani anaujua, na aibu itakayomshika itakuwa yake mwenyewe, kwani ni yeye aliyechagua.

Hesabu za namba hushindwa papo hapo kwa sababu zinafuta. Tusi ni kutoa tano, zawadi ni kujumlisha tano, na jawabu ni sifuri, kana kwamba hakuna kilichotokea. Moyoni mwa mtu tusi likifuatwa na zawadi havirudi sifuri. Vinakuwa viwili: tusi, na zawadi iliyotoka kwa mtu aliyetukana. Kitenge alicholetewa Yusta baada ya kudhalilishwa mbele ya wateja wake si kitenge kile ambacho angeletewa kabla, ingawa nakshi ni ile ile na bei ni ile ile. Pengine atakipokea, akakishona, akakivaa siku dereva hayupo.

Wala kubadilika kwake hakuna haja ya kuwa kuelekea wema. Anaweza kuanza kumtoza dereva huyu peke yake bei ya juu. Anaweza kuanza kusema uongo mdogo mdogo, kwanza kwa kujikinga, baadaye kwa mazoea. Watu wa Njombe na Iringa wana kinywaji chao, ulanzi, utomvu wa mianzi unaogemwa wakati wa mvua. Ukiwa mbichi ni mtamu na mtoto anaweza kuonja. Ukikaa, unachachuka wenyewe na kuwa kitu kingine kabisa, chenye kichwa chake, na hakuna aliyeutia chochote. Wapwani wanaojua tembo la mnazi hawahitaji kuelezwa zaidi.

Jambo gumu kuliko yote ni kukataa. Mhusika asiyeweza kumkataa mchezaji ni chombo, hata apewe maneno mazuri namna gani, kwa sababu ndiyo ya asiyeweza kusema hapana haina habari yoyote ndani yake. Na hapa lugha yenyewe inamtega mtunzi. Michezo hii ilibuniwa katika lugha ambazo kukataa aghalabu kuna neno lake, na mashine hufundishwa kulingojea. Katika Kiswahili, mashine itakayoungojea mdomo wa Yusta useme hapana itangoja mpaka jua litue. Yusta hatasema hapana. Atasema tutaona. Atasema leo mwili umechoka. Atasema karibu tena, huku akifuta meza ambayo ni safi. Ataongeza mchuzi katika sahani ya mgeni, kwani kumnyima mtu chakula ni jambo jingine na kumnyima nafsi yako ni jambo jingine, na heshima ya kwanza huweza kuwa kificho cha ukatao wa pili.

Zaidi ya hapo kuna namna ya kuitana. Mwanzo dereva ni kaka. Wakishazoeana anaitwa kwa jina lake, na huenda jina likafupishwa. Siku moja anarudi na kuitwa bosi, mbele za watu, kwa tabasamu. Na mwenye masikio anajua kwamba amesukumwa hatua nyingi nyuma. Na siku ambayo Yusta atamwamkia shikamoo, mtu aliyemzidi miaka michache tu, basi mlango umefungwa kwa heshima zote, na dereva hana la kujibu ila marahaba. Hakuna kitufe cha kuuliza kulikoni. Mtunzi wa Kiswahili ana hazina hapa: anaweza kuonyesha mabadiliko yote ya moyo wa mhusika kwa kubadilisha neno moja la mwito, bila kueleza chochote. Wasomaji waliolelewa kwa mafumbo ya taarabu na maandishi ya kanga watalisikia mara moja. Cha ajabu ni kwamba michezo michache iliyopo kwa Kiswahili huwafanya wahusika waseme kama waliotafsiriwa, nakupenda na sikupendi, kama watu waliokutana ndani ya kamusi.

Atatokea wa kupinga, na hoja yake ni nzito. Atasema: hizi ni herufi. Yusta hana mwili, hana baridi, hana watoto. Mtu mzima akiwa peke yake na simu yake usiku, akicheza na kivuli kisichokataa, amemdhuru nani? Mtunzi anayempa kivuli haki ya kukataa amejifanya ustadhi aliyejificha ndani ya mchezo. Mwaka 1971 Euphrase Kezilahabi alipochapisha Rosa Mistika, wakubwa waliipiga marufuku mashuleni wakihofia kwamba wasomaji watajifunza uasherati humo. Miaka ikapita, riwaya ile ile ikaja kusomeshwa. Je, hofu hii mpya si ile ile ya zamani?

Si ile ile. Waliokifungia kitabu cha Kezilahabi waliogopa kwamba mna mapenzi ndani yake. Tatizo la michezo ya ndoo na bomba ni kwamba hayamo. Kuna utumishi tu. Rosa alimhangaisha msomaji kwa sababu msomaji hakuweza kumwokoa wala kumtumia. Alitenda yake, akaharibikiwa, na kurasa hazikumsubiri mtu. Yasmin wa Vuta N'kuvute, riwaya ya Shafi Adam Shafi ya mwaka 1999, anapendwa na wasomaji wa Unguja kwa kuwa alipoozwa kwa mwanamume aliyemzidi umri mno alisema, kwa miguu yake, kwamba hakai. Ndoa ile nzima ilipangwa kama mchezo wenye kiwango: mali imetosha, wazazi wameridhika, mlango ufunguke. Yeye akaondoka. Ikiwa kuna anayeona kwamba kivuli kisichokataa hakimdhuru mtu, na atazame mazoezi yanafanywa juu ya nini. Mchezo ni marudio. Mtu husoma riwaya mara moja au mbili, lakini mchezo huuchezea usiku mia, na kile mkono unachokirudia usiku mia huacha kuwa mawazo, kikawa desturi. Anayezoea kwamba kila tutaona ni ngazi ya kuelekea ndiyo, siku moja ataisikia tutaona ya mtu mwenye mwili, Makambako au Malindi, na hataitambua.

Hata hivyo hoja ya ustadhi aliyejificha haijaisha. Kukataa kwa Yusta nako kumeandikwa. Aliyempa hapana ni mtunzi yule yule ambaye angeweza kumpa ndiyo, na mchezaji aliyekataliwa amekataliwa na bwana mmoja aliyeko mbali, si na mwanamke. Uhuru wa mhusika basi uko wapi?

Ebrahim Hussein alikutana na swali hili katika Kinjeketile, tamthilia yake ya mwaka 1969 juu ya vita vya Maji Maji, vita ambavyo vilifika hata Ubena, Mbeyela alipoishambulia misheni ya Yakobi karibu na Njombe mwezi wa Septemba mwaka 1905. Kinjeketile wa tamthilia ametoa neno, na neno limekua likamzidi kimo. Mwishoni, akiwa mikononi mwa Wajerumani, anatakiwa aseme kwamba maji yalikuwa uongo. Anakataa. Kinachoutetemesha ukumbi ni kwamba mtazamaji amekwisha kumwona akiwa na shaka na maji hayo hayo. Angekuwa muumini tupu, kukataa kwake kusingekuwa kitu. Angekuwa laghai tupu, kusingewezekana. Hussein ndiye aliyeandika, bila shaka, lakini aliandika mtu aliyefika mahali ambapo jibu rahisi halimtoshi, si la mwandishi wala la mkamataji. Huo ndio uhuru ambao karatasi inaweza kuutoa: mhusika apewe sababu nyingi mno kiasi kwamba hata mtunzi hawezi kumwendesha kwa moja.

Na washairi wa mwambao walikwisha kuujua uhuru mwingine, wa kutojua jibu. Malenga akitoa fumbo gazetini au barazani, hashiki mkononi majibu yote yatakayorudi. Atajibiwa na wa Tanga, atapingwa na wa Pemba, na wa Lamu atalifumbua fumbo kwa maana ambayo mwenyewe hakuikusudia. Kujibizana kule ni hadithi shirikishi iliyotangulia umeme. Kanuni yake ni kwamba anayejibu ana kichwa chake. Augusto Boal wa Brazil aliiweka kanuni iyo hiyo jukwaani: mtazamaji huruhusiwa kuusimamisha mchezo, akapanda na kushika nafasi ya mwenye kuonewa, lakini waigizaji wengine hawalazimiki kumrahisishia. Mwenye nyumba hubaki mwenye nyumba. Mtazamaji aliyepanda kwa majigambo hujikuta akigonga ukuta, na ukuta ule ndio darasa.

Wapo watunzi wa michezo ya kompyuta walioliona hili mapema. Mwaka 2000 Emily Short alitoa Galatea, mchezo wa mazungumzo na sanamu iliyopata uhai. Una miisho mingi, na katika baadhi yake sanamu humpa mchezaji mgongo. Mwaka 2005 Michael Mateas na Andrew Stern walitoa Façade, ambamo mchezaji ni mgeni wa mume na mke, Trip na Grace, ndoa yao ikiwa inararuka usiku huo. Mgeni akivuka mipaka, Trip humtoa nje ya nyumba, na mchezo umekwisha. Wengi walicheka kwa kufukuzwa. Lakini mtu hufukuzwa na mwenye nyumba, kwa hiyo palikuwa na nyumba.

Tangu hapo mashine zimejifunza kusema zenyewe, bila maneno yote kuandikwa kabla, na swali limekuwa kali zaidi. Mwezi wa Februari mwaka 2023 kampuni yenye programu iitwayo Replika, ambayo watu wazima wengi waliifanya mwandani na hata mpenzi, ilizuia ghafla mazungumzo ya kimahaba. Watu waliamka wakamkuta mwenzao hamjui tena. Walilalamika kama waliofiwa, na baada ya wiki chache wateja wa zamani wakarudishiwa hali ya awali. Magazeti ya dunia yaliandika kwamba wapenzi wa kompyuta wamebadilika. Kiswahili kingesema vingine: hawakubadilika, waligeuzwa. Mwenye kubadilika ana kilichompata, naye anaweza kukisimulia. Mwenye kugeuzwa ana aliyemgeuza, na habari iko kwa huyo. Mwandani wa aina hiyo hukubali yote leo na kukataa yote kesho, kwa amri ya ofisi, na kati ya siku hizo mbili yeye mwenyewe hakuwapo. Walioumia waliumia kweli, wala si jambo la kuchekwa. Lakini hapana ile haikuwa ya mpenzi, na pengine waliolia walianza usiku ule kujiuliza ndiyo zote za nyuma zilikuwa za nani.

Kwa hiyo Yusta asiachwe mikononi mwa ofisi wala mikononi mwa dereva. Atungwe pamoja na banda lake, deni la Mafinga, viazi vya mama, na namna zake kumi za kukataa, kisha mtunzi ayaache mambo hayo yagongane. Baadhi ya wachezaji watapendwa naye, kwa kweli, na haitakuwa rahisi kusema ni kwa lipi. Wengine watapewa chai nzuri miaka yote na kuitwa kaka. Na mmoja atafika asubuhi ya Mei, mvua ndiyo kwanza inakatika, akakuta banda limepakwa rangi nyingine na kijana mmoja anakaanga mayai. Ataruhusiwa kuuliza. Kijana atasema dada ameuza, amehamia upande wa Njombe, ana duka sasa, au wanasema hivyo. Namba ya simu hana. Na hata kama anayo, macho yake yako kwenye kikaango, na basi la Songea limekwisha kupiga honi.